Kutunza, kujenga au kuotesha: uingie kazi ya bustani Malindi kwa mlango upi?

Wapwa zangu wawili walinijia wiki moja, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakaniuliza jambo lile lile. Wa kwanza alikuwa ameuza pikipiki yake ya bodaboda na hela bado zilikuwa kwenye simu. Wa pili hakuwa na hela, ila babake ana robo ekari Ganda yenye kisima na mwembe mkubwa wa kivuli. "Mjomba, hii kazi yako ya bustani mtu huanzia wapi?"

Niliwajibu tofauti. Naeleza hapa kwa nini, maana najua wako vijana wengi kuanzia Mambrui hadi Watamu wanaozunguka na swali hilo. Wanapita Casuarina na Mayungu, wanaona boganvilia zimemwagika juu ya kuta, na wanajua ndani kuna mtu analipwa. Ni kweli, analipwa. Lakini kazi hii ina milango mitatu: kutunza bustani za watu kwa malipo ya mwezi, kujenga bustani mpya, na kuotesha miche ya kuuza. Nimepita yote mitatu, na nilianza na ule ambao sikufaa kuanza nao.

Nasema mapema ninakoegemea. Kwa mwenye mtaji mdogo, aanze na kutunza, aweke kitalu kidogo pembeni, na kujenga kumngojee. Sababu kubwa si ugumu wa kazi. Sababu ni kalenda.

Kalenda mbili zisizokutana

Malindi tuna kalenda ya mvua na kalenda ya wageni. Masika huingia Aprili, hushika sana Mei, hulegea Juni. Vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, na mwaka mwingine huja kwa kudonoa tu. Januari na Februari ni kaskazi na jua, ardhi inapasuka. Wageni nao hujaa Julai na Agosti, kisha Krismasi mpaka karibu na Pasaka. Kuanzia Aprili hadi Juni sizoni imekufa: hoteli zinapunguza watu, nyingine zinafunga kabisa, na wenye nyumba wamerudi kwao Italia.

Tazama hilo lamfanya nini mtu wa bustani. Nyasi hukua kwa fujo mwezi wa Mei, mwenye nyumba hayupo. Mti hupenda kupandwa Aprili, na Aprili hakuna wa kukupa oda. Mwenye nyumba ataka akifika Desemba akute bustani imejaa, kwa hiyo oda hukujia Oktoba au Novemba, na mche uliopandwa Novemba hukutana na jua la Januari mizizi yake bado mifupi kama kidole.

Mtunzaji aliyekubaliana vizuri hulipwa miezi 12. Mjenzi hupata pesa nyingi kwa miezi michache, halafu kimya. Mwenye kitalu huuza vipindi viwili vifupi, lakini humwagilia mwaka mzima. Mwaka 2020 niliyaona haya kwa macho. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwishoni mwa Machi na hazikurudi mpaka Agosti 1. Kazi zote za kujenga nilizokuwa nimeahidiwa zilikatika ndani ya wiki mbili. Nyumba nilizokuwa nikitunza, baadhi ya wenyewe waliomba tupunguze bei, lakini hakuna aliyesema niache, maana masika ilikuwa imeingia na majani hayajui habari za ndege.

Kutunza

Hapa mtaani watu wa kazi hii huitwa "shamba boi", na vijana wengine huona haya. Tofauti ya kibarua wa bustani na mwenye biashara ya kutunza bustani ni moja: kibarua ameajiriwa na nyumba moja, mwenye biashara ana nyumba kadhaa, vifaa vyake mwenyewe na makubaliano ya maandishi. Jembe ni lile lile.

Vya kuanzia ni vichache. Panga, jembe, reki, fyekeo, mkasi mzuri wa kupogolea, toroli, na mpira wa maji wa mita 30 endapo nyumba haina. Mashine ya kukata nyasi ya kuvaa begani ndiyo gharama kubwa, na si lazima uinunue siku ya kwanza. Mimi nilifyeka kwa mkono miezi saba. Mkasi ndio usiufanyie ubahili. Mkasi butu huchana tawi badala ya kulikata, na kidonda cha namna hiyo kwa unyevu wa Mei huoza.

Bei ndipo wengi wanapoumia. Wanamwona mteja Januari, nyasi zimelala, wanapiga hesabu ya nusu siku kwa wiki na kutaja bei ya nusu siku. Mei ikifika nyumba ile ile inakula siku nzima, na bei imeshaandikwa. Fanya hesabu ya mwaka. Tuseme umechukua nyumba sita za ukubwa wa wastani, nusu siku kila moja: kiangazi hizo ni siku tatu za kazi kwa wiki, masika ni siku sita. Kwa mtu mmoja sita ndio mwisho. Ya saba inahitaji mikono mingine miwili, na mikono hiyo italipwa hata Februari ambapo kazi ni kidogo. Kabla ya kuikubali nyumba ya saba jiulize kama yaweza kumlipa msaidizi mwaka mzima. Mara nyingi haiwezi, mpaka ifike ya tisa au ya kumi.

Andika ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili au Kiitaliano au vyovyote mnavyoelewana, lakini mambo manne yasikosekane. Nani analipa bili ya maji. Nani ananunua petroli na samadi. Takataka za bustani zinapelekwa wapi. Na kubwa zaidi: malipo ni kila mwezi, nyumba iwe na watu au haina. Mwenye nyumba akisema "nitalipa nikiwepo", mweleze taratibu kwamba bustani yake humaliza kazi yote ya mwaka akiwa hayupo. Wengi huelewa wakiambiwa hivyo. Asiyeelewa, mwache.

Jambo jingine la kutunza ambalo mtu wa nje halijui ni msimamizi wa nyumba. Mara nyingi hela hupitia kwake. Wengi wao ni watu wema na ndio watakaokupa nyumba ya pili na ya tatu. Lakini nilipata mmoja ambaye kwa miezi mitano alikuwa akipokea ya kwangu kamili na kunitumia pungufu, na nilijua siku mwenye nyumba alipotaja mwenyewe kiasi anachotuma. Sikugombana. Niliomba tu, kwa adabu, niwe natuma risiti moja kwa moja kwa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi. Tangu hapo naweka sharti hilo kwa kila nyumba, na msimamizi mwaminifu halimuudhi.

Nazi zisisahaulike. Kama nyumba ina minazi karibu na bwawa au njia ya miguu, kuangua ni kazi ya mkwezi, naye hulipwa kwa kila mnazi. Usijitie kukwea ili kuokoa pesa. Weka gharama ya mkwezi ndani ya makubaliano, na umwite kabla wageni hawajafika.

Kujenga

Hii ndiyo kazi inayoonekana. Unapokea kiwanja cha mawe na mabaki ya saruji, unakabidhi bustani. Raha yake siifichi: kusimama getini jioni, maji yamenyunyiziwa, harufu ya udongo imepanda, na kitu ambacho hakikuwapo sasa kipo. Pesa yake pia huja kwa mkupuo. Mkupuo huo ndio ulionivuta mimi.

Kazi yangu ya kwanza ya kujenga ilikuwa uwanja wa nyasi wa mita 400 za mraba, nyumba ya nyuma ya ufuo. Mwenye nyumba alitaka uwe tayari kabla ya Pasaka. Tulipandikiza nyasi kwa vishina Februari, mimi na vijana watatu, tukiwa tumeinama siku nne mfululizo. Kulikuwa na kisima, pampu na tanki la lita 2,000, nikaona maji yapo. Siku ya tano ncha za majani ziligeuka rangi ya chai. Siku ya nane udongo ulikuwa na utando mweupe asubuhi, kama mtu aliyenyunyiza unga wa muhogo. Ndipo nikachota maji ya kile kisima kwa kiganja na kuyaonja. Chumvi. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kumwagilia nyasi kwa kitu kinachoziua, na kila zilipokauka niliongeza maji.

Nilipanda upya kwa hela yangu. Hela ya amana, ile niliyolipwa mwanzoni, ilikuwa imekwisha kwenye lori la udongo na vibarua. Miezi mitatu nilifanya kazi ya kulipa kosa hilo.

Kwa hiyo sasa hatua ya kwanza kabisa, kabla ya kupima kiwanja na kabla ya kutaja bei, ni kuonja maji. Bora zaidi upime kwa kipimo kidogo cha chumvi, lakini ulimi wako hutambua maji mabaya kabisa bila gharama. Karibu na bahari visima vingi vya Malindi vina chumvi, na kadiri kiangazi kinavyoendelea na pampu zinavyovuta, ndivyo chumvi inavyozidi. Maji ya mfereji ni matamu, yanatoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, lakini hayo huja kwa bili na kwa zamu.

Kisha fanya hesabu ya kiasi. Uwanja wa nyasi kwenye jua letu la Januari hunywa kama milimita 5 kwa siku. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mita 100 ni lita 500 kila siku, yaani mitungi 25 ya lita 20. Zile mita 400 zangu zilikuwa zinahitaji tanki zima la lita 2,000, kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Mwambie mteja hesabu hiyo mbele ya kisima chake. Nimewaona wenye nyumba wakitazama tanki, wakinyamaza, halafu wakisema wenyewe: basi tupunguze nyasi, tuweke kokoto na miti. Hapo umemwokolea yeye pesa na wewe lawama.

Kama lazima nyasi ziwepo na maji ni ya chumvi kidogo, paspalamu na ukoka huvumilia. Nyasi za Kikuyu wanazozizoea watu wa Nairobi ziache huko huko kwenye baridi. Mawaridi na miparachichi usiipande kabisa kwenye maji ya chumvi, hata mteja akikuonyesha picha. Mstari wa mbele unaotazama bahari, panda mkadi, mvinje, mkungu au mnazi, ndiyo inayoweza kukaa uso kwa uso na chumvi ya upepo wa kusi. Nyuma yake, ikishakingwa, ndipo boganvilia, franjipani na asmini.

Mawe nayo. Sehemu kubwa ya ufuo wetu ni mwamba wa matumbawe chini ya udongo wa shibiri moja. Shimo la mti la sentimita 60 kila upande halichimbwi kwa jembe, ni mtaimbo na sururu, na kibarua mmoja hodari akikutolea mashimo manne kwa siku umshukuru. Shimo hilo humeza lita 216 za udongo mzuri na samadi, karibu ndoo 11 za lita 20. Miti kumi ni ndoo 110. Weka ndoo hizo kwenye bei, weka na lori linaloleta udongo mwekundu kutoka upande wa Magarini. Mjenzi mchanga husahau shimo, hukumbuka mti tu.

Anayedhani juu ya mwamba hakuoti kitu akumbuke Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa mwamba mtupu na maji ya chumvi. Alijaribu aina 26 za miti, zikashika tatu, na mvinje ndio uliobeba kazi yote. Majani yake makavu yalianguka, jongoo wakubwa wenye miguu myekundu wakayasaga, udongo ukaanza kujengeka. Leo ni Haller Park, msitu. Somo ninalolitumia hapo ni la biashara: mwaka wa kwanza mpe mteja mti unaoweza kuishi pale, na ule anaouota aje kuupata mwaka wa tatu chini ya kivuli cha ule wa kwanza. Naye mteja wa mwaka wa tatu ni mteja bado.

Kuhusu malipo ya kujenga, mimi sasa naomba nusu kabla lori halijawashwa, asilimia 30 siku ya kupanda, na 20 iliyobaki siku ya 30 baada ya kukabidhi, mche uliokufa ukiwa umebadilishwa. Ile ya mwisho kuna wakati haiji. Jengo moja la vyumba vya kupangisha lilinizungusha mwaka mzima, na mpaka leo sijaipata. Ndiyo maana nusu ya kwanza lazima itoshe vifaa na vibarua vyote. Faida yako ndiyo ikae kwenye hatari, siyo ujira wa vijana wako.

Kuotesha

Kitalu ni mlango wa mwenye subira na maji. Mtaji wake ni mdogo kuliko yote, hasa ukiwa na ardhi: makuti ya kivuli, vifuko vya kuoteshea, udongo, samadi, ndoo. Mbegu nyingi ni za bure. Ukitunza bustani za watu, matawi ya boganvilia unayopogoa na kuyatupa ndiyo miche yako. Kata kipande cha unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, chomeka nusu kwenye udongo wenye mchanga, weka kivulini. Franjipani usichomeke siku ile ile. Liache tawi kivulini siku kadhaa mpaka utomvu wake mweupe ukauke, la sivyo litaoza.

Hesabu hapa huenda kinyumenyume. Ukitaka kuuza Oktoba na Novemba wakati wajenzi wanahangaika kutafuta miche, uwe umechomeka Aprili au Mei, mvua ikikusaidia kumwagilia. Ukichomeka Septemba umechelewa, utakuwa na vijiti vyenye majani matatu, na mnunuzi atapita.

Otesha kinachonunuliwa kwa wingi. Mwarobaini usihangaike nao, unaota wenyewe chini ya kila ukuta wa mji huu, hakuna atakayetoa shilingi. Maua adimu ya picha za mitandaoni huuza mmoja mmoja. Kinachojaza mfuko ni miche ya ua wa kuzungushia nyumba, maana mtu akitaka mita 40 za ua na anapanda miche mitatu kila mita, ni miche 120 kwa mpigo mmoja, yote ya umri mmoja na kimo kimoja. Kimo kimoja ndicho kinachomshinda mwenye kitalu cha kubahatisha. Chomeka vipande 200 siku moja ili 120 vilingane.

Miche ya matunda, maembe ya kupachika hasa, ina soko zuri, ila ina taratibu zake za usajili na ukaguzi wa kitalu. Ulizia ofisi ya kilimo kabla. Kwa miti, KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, wana kituo Gede, na kwenda pale na maswali yako ni nauli ya matatu tu.

Maadui wa kitalu ni mbuzi, na siku unayosafiri. Mbuzi mmoja akipata upenyo saa kumi na moja alfajiri, saa moja huna miche. Nayo kiangazi, ukikosa siku mbili za maji umepoteza miezi mitano. Kitalu hakina likizo. Usiweke kando ya barabara kuu kwenye ardhi ya serikali kwa ajili ya kuonekana tu, maana siku ya kuhamishwa hutapewa muda wa kubeba miche elfu moja.

Tuziweke ubavu kwa ubavu

| | Kutunza | Kujenga | Kuotesha |
|---|---|---|---|
| Mtaji wa kwanza | Vifaa vya mkono, mashine baadaye | Vibarua, lori, udongo, miche, kabla hujalipwa yote | Makuti, vifuko, maji, muda |
| Pesa ya kwanza | Mwisho wa mwezi wa kwanza | Siku ya amana, lakini si yako bado | Baada ya miezi mitano au sita |
| Miezi migumu | Aprili hadi Juni, kazi nyingi | Aprili hadi Juni, hakuna kazi | Januari hadi Machi, maji |
| Kosa linalokuangusha | Bei iliyopigwa kiangazi | Kutoonja maji | Kukosa siku mbili |
| Ukiugua wiki mbili | Msaidizi anaweza kuendelea | Kazi inasimama na mteja anapiga simu | Jirani amwagilie, au imekwisha |

Mstari wa mwisho niliuongeza baada ya malaria ya mwaka fulani. Usiupuuze.

Na Lamu je?

Huulizwa sana, kwa kuwa nyumba za Shela zinapendeza. Ni kazi nyingine kabisa. Amu, yaani mji wa Lamu, karibu hakuna magari, mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, vichochoro ni vya punda na watu. Udongo, mawe na miche hutoka Mokowe kwa mashua, kisha juu ya mgongo wa punda. Bustani iko ndani ya ua wa nyumba au juu ya dari, kwenye vyungu. Wanataka asmini, mrehani, mlangilangi, vitu vya harufu. Uwanja wa nyasi usiufikirie, maji ya kisiwa yako chini ya matuta ya mchanga ya Shela na yanawatosha watu kwa taabu. Mwenye mkono mzuri wa vyungu na kitalu kidogo atakula Lamu. Aliyejifunza nyasi na lori abaki Malindi.

Karatasi

Haraka haraka. Jina la biashara husajiliwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. PIN ya KRA, namba yako ya kodi, unaihitaji. Leseni ya mwaka hutolewa na kaunti ya Kilifi. Mwenye nyumba binafsi hatakuuliza mengi, ila hoteli itakudai ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, kabla haijalipa, kwa hiyo ukilenga hoteli jisajili mapema. Mauzo yakipita shilingi milioni 1 kwa mwaka, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3. Na kama ni kijana, mwanamke au mtu mwenye ulemavu, jua kuwa asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengwa kwa makundi hayo chini ya mpango wa AGPO. Shule na ofisi za umma zina viwanja vya kufyekwa pia, ingawa malipo yao huchukua muda, nawe uwe na nyumba zako za mwezi za kukusukuma wakati unangoja.

Nilichowaambia

Yule wa pikipiki alikuja akiwa na mpango wa kujenga. Alikuwa tayari amepata mtu, nyumba mpya Mayungu, mwezi wa Novemba, nyasi mita 300. Nilimuuliza maji yake yakoje. Hakujua. Nikamwambia aende akaonje, kisha anunue mkasi, fyekeo, toroli na mpira kwa sehemu ndogo ya zile hela, atafute nyumba tatu za kutunza kabla ya masika, na hela iliyobaki aisahau kwenye simu mpaka mwaka upite. Alinuna kidogo. Jioni alinipigia: "Mjomba, ni ya chumvi." Ile kazi hakuichukua, lakini alimwambia mwenye nyumba sababu na hesabu ya lita 1,500 kwa siku, na yule mzee akamwomba awe anakuja kumtunzia miti iliyopo. Ndiyo nyumba yake ya kwanza.

Wa Ganda nilimwambia asikate hata tawi moja la ule mwembe wa babake, kivuli chake ni kitalu tayari. Azungushe seng'enge na miiba kuzuia mbuzi, kisha kila Ijumaa apite na mkokoteni kwa binamu yake, yule wa pikipiki, kuchukua matawi aliyopogoa wiki ile. Wamekubaliana kugawana: miche miwili kwa mwenye kitalu, mmoja kwa mwenye matawi. Mwezi uliopita walichomeka boganvilia 200 za siku moja, rangi moja. Nilipopita juzi, 171 zilikuwa zimetoa jani.